Likizo ya Judith

Alhamisi saa mbili asubuhi fundi Rehani alifika kusafisha kompyuta ya masjala, kwenye ofisi ya chama kimoja cha wakulima wa mboga mjini Morogoro. Kompyuta hiyo ilikuwa inapata moto na kujizima yenyewe kila baada ya robo saa. Aliizima kwa utaratibu, akachomoa waya ukutani, akakibonyeza kitufe cha kuwashia huku akihesabu mpaka kumi ili umeme uliobaki ndani uishe, halafu akalibeba kasha mpaka kibarazani. Kitambaa kibichi hakutumia. Kwa maoni yake, kitambaa kibichi kimeua kompyuta nyingi kuliko radi.

Rehani alikuwa na miaka hamsini na mbili, na nyumbani kwake Kihonda hakuna aliyekuwa akimngoja. Aliyekuwa mkewe ameolewa Dumila, na watoto hawakujaliwa. Kwa hiyo kazi yake aliifanya bila haraka. Alifungua ubavu wa kasha, akagusa chuma kitupu umeme wa mwilini usije ukaunguza bodi, akaizuia feni kwa kidole isizunguke, akawasha blowa, mashine yake ya kupulizia vumbi.

Vumbi lilitoka jingi, la kijivu, na halikwenda mbali. Lilitua kwenye kiti cha wageni pale kibarazani, likajipanga kuanzia miguuni, na lilipofika kichwani alikuwa Judith, mchapaji wa masjala aliyefariki mwezi wa nne. Alivaa ile sweta yake ya kila siku, nayo ya vumbi.

"Za asubuhi, kaka Rehani. Feni umeishika?"

"Nimeishika, dada Judith."

"Maana wengine wanaiacha inazunguka, inaharibika. Umekunywa chai?"

Rehani hakuwa amekunywa. Tangu Jumatatu hakuna mtu aliyekuwa amemwuliza jambo hilo, wala jingine lolote lisilohusu mashine. Alijibu kwamba amekunywa, akazima blowa.

Judith alichapa pale miaka kumi na sita akiwa kibarua. Barua yake ya ajira ya kudumu ilikuwa inashughulikiwa tangu mwaka wa kwanza. Kila Januari alipigwa kalenda, na kila Januari alishukuru. Kibarua hana likizo, kwa hiyo kwao Mgeta, nyuma ya mlima unaoonekana kutoka mjini, alikuwa akipanda Jumamosi na kushuka Jumapili. Mvua ikikata barabara, hakupanda kabisa. Ni mvua ya namna hiyo iliyofanya azikwe mjini, na mama yake, bibi Felista, akapokea habari kwa simu akiwa kwenye matuta yake ya njegere.

"Barua yangu imetoka?" Judith aliuliza. "Nikiipata naomba likizo. Siku ishirini na nane, nikae na mama. Sitaki kingine."

Rehani aliingia ndani kumwuliza meneja. Meneja Benedikto alichungulia dirishani, akampungia Judith mkono, akasema barua iko makao makuu, imebaki saini moja tu. Maadamu amekuja, je, hawezi kuimalizia ile orodha ya wanachama wa Mlali? Aliyeletwa baada yake hajui hata mafaili yalipo. Mhasibu Glory alimwekea mto kwenye kiti, akamkumbusha kwa upole kwamba chai ya ofisi ni ya waajiriwa. Judith alisema anakumbuka. Fundi akarudisha kasha mahali pake, akachomeka waya, na Judith akakaa kuchapa.

Kuchapa kulimpunguza. Vumbi lake lilivutwa na feni, chembe kwa chembe, likaingia kwenye kasha. Baada ya miezi miwili kiti kilikuwa kitupu na kompyuta inapata moto kama zamani. Rehani akaitwa. Akachomoa waya, akashika feni, akapuliza, na Judith akakaa pale kibarazani, akauliza kuhusu chai na barua.

Kompyuta ya ofisi ikisafishwa mara mbili kwa mwaka inatosha, na hilo Rehani amewaambia wateja wake wote. Ya masjala alianza kuisafisha kila wiki mbili, bila kuitwa na bila malipo, kwa maelezo kwamba vumbi la Morogoro ni baya. Hakuna aliyebisha. Alipuliza kile kidogo kilichokwisha kuingia, Judith akarudi kuwa mzima, kisha wakaongea nusu saa kabla hajaingia kazini: magoti ya fundi, kabichi za Mgeta, jirani anayefuga bata. Katika wiki mbili nzima, hiyo ndiyo nusu saa ambayo Rehani hakuwa mpweke. Aliihesabia siku, na alijionea aibu kwa kuihesabia.

Mwezi wa tisa, Alhamisi moja ya kusafisha, Judith hakuuliza habari za barua.

"Ile barua haitoki, kaka."

"Itatoka."

"Haitoki. Lakini nimeona jambo. Asubuhi upepo unashuka kutoka mlimani, ndiyo maana unanirundika hapa ukutani. Alasiri unageuka, unapanda. Siku moja njoo saa kumi. Litoe kasha mpaka uwanjani, unipulize huko. Nikishafika mgongoni mwa mlima, njia ya nyumbani naijua."

Rehani aliutazama mlima. Aliyoyasema Judith yalikuwa kweli. Yeye mwenyewe alikuwa amepuliza vumbi mjini humo miaka ishirini na alijua upepo unakwenda wapi saa ngapi. Ilikuwa kazi ya dakika moja. Akaziwaza Alhamisi zitakazofuata, na kompyuta safi isiyo na mtu ndani yake.

"Alasiri huwa nina kazi nyingi," alisema.

"Nyingi kila siku?"

"Kila siku."

Judith alikuwa amesikia majibu ya namna hiyo kwa miaka kumi na sita, na alijua kuuliza tena hakuongezi kitu.

"Haya," alisema. "Ukipata nafasi." Akaingia ndani kuchapa.

Saa kumi Rehani alikuwa amekaa mlangoni kwake Kihonda, mikono mapajani. Upepo uligeuka, ukaokota vumbi la barabarani, ukaanza kupanda nalo kuelekea mlimani. Hakuna mtu aliyekuwa amemletea kitu cha kutengeneza, siku hiyo wala jana yake. Aliingia ndani akafunga dirisha.