Mistari ya Fundi Vidole

Baba yangu alikuwa na vidole vya ajabu, na sisemi hivyo kwa sababu ni baba yangu, maana kusifia watu si kazi yangu. Mche wa nyanya ukiwa na majani mawili tu, yeye aliunyanyua kutoka kwenye sanduku la mchanga na kuuhamishia kwenye kiriba, kifuko cha plastiki chenye udongo, bila kuukwaruza hata kidogo. Mimi nikihamisha, lazima mingine ilale chali. Wateja walimwita Fundi Vidole. Tangu mama afariki alikuwa amepunguza maneno, lakini akishaingia kwenye nyumba ya neti utamsikia anaisemesha miche, anaigombeza iliyopinda shingo, anaiuliza kama imelala salama. Mimi binti yake hakuniuliza hivyo.

Kitalu chetu cha miche ndicho kilichotulisha sote watatu, mimi, mume wangu na Baba. Msimu ule majani yakaanza kutoka na mabakabaka, kijani hapa, njano pale, kisha yakajikunja na kudumaa. Nikaenda kwa muuza mbegu, nikamtolea uvivu mbele ya wateja wake. Akanipa mbegu nyingine bila ubishi, nafikiri ili niondoke tu. Tukasia upya, na mabakabaka yakarudi yale yale. Wateja wakaanza kutukimbia mmoja mmoja, mpaka akabaki mama mwenye shamba kubwa ng'ambo ya barabara. Kiwanja cha kitalu kilikuwa chake pia. Akaniambia usoni, bila hasira, kwamba miche yake ikiharibika tena atanunua kwingine, na kiwanja atakipanda mahindi.

Ndipo nikamwita bibi shamba. Alikuja na mafua yake, akachuma majani machache, akaenda kuyapima. Aliporudi alisema ni kirusi cha tumbaku. Kinakaa kwenye tumbaku hata iliyokaushwa na kusagwa, kutoka hapo kinahamia kwenye vidole vya anayeishika, na kila mche anaougusa unaugua. Dawa hakuna, ni kung'oa na kuchoma. Kisha akauliza ni nani hapa anayetumia tumbaku.

Baba alikuwa pale pale, amesimama na kikopo chake cha ugoro mkononi, anapiga chafya. Mume wangu akaanza kucheka, nami nikacheka, kicheko cha mtu aliyeishiwa. Halafu tukaingia ndani kuangalia. Mistari aliyohamisha mume wangu ilikuwa mizima, kijani kitupu. Ilikuwa michache, maana huyu bwana kwa uvivu hana mpinzani. Mistari ya Baba, iliyonyooka utadhani imepigwa rula, yote ilikuwa inakufa.

Nikamweleza. Alisikiliza huku anaitazama mikono yake, anaigeuza huku na huku. Nikamletea glavu. Akavaa, akajaribu mche mmoja, akavua. "Nitajuaje kama mzizi umekaa?" akaniuliza. Kuhusu ugoro alisema ataacha, akasahau jioni ile ile. Basi nikamkataza kuingia, nikamwekea kiti nje ya neti.

Kumbukumbu zake zilikuwa zimeanza kumponyoka. Kila asubuhi alikuja mlangoni na aproni yake, na kila asubuhi nilimweleza upya, naye akalisikia kama jambo jipya. "Kwa hiyo mimi ndiye ninayeiua?" aliuliza. Namwambia ndiyo, Baba. Uso wake unaanguka. Kesho yake anarudi na aproni, tunaanza tena. Niseme kweli, nilichoka kumvunja moyo mzee wa watu kila kunapokucha. Siku moja nikamwambia tu leo hakuna kazi, pumzika. Akaenda kukaa, ametulia. Tangu hapo nikawa namwambia hivyo.

Tulisugua masanduku kwa sabuni, tukaosha neti, tukaleta udongo mpya. Miche ikaota safi. Bibi shamba alipita, akachungulia, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Tukahamisha mimi na mume wangu, migongo ikatuuma, mpaka ikabaki sehemu ndogo na viriba vikatuishia. Mume wangu akaenda kununua vingine. Mimi nikavuka barabara kumwambia yule mama kwamba safari hii mambo yako shwari.

Mlango wa neti tulikuwa tunaufunga kwa kamba, na kamba haijawahi kumshinda Fundi Vidole.

Niliporudi nilimkuta amepiga magoti kwenye mstari wa mwisho. Viriba alivyokosa alikuwa amevikata kutoka kwenye mifuko ya mbolea. Alikuwa amehamisha miche yote iliyobaki, na hakuishia hapo. Ile tuliyohamisha sisi aliifukua, mmoja mmoja, akaipanda upya kwa sababu ilikuwa imekaa ovyo. Puani ana ugoro, vidole vimekuwa kijani, na macho yake yanang'aa. Sikuwa nimemwona hivyo tangu tumzike mama.

"Nimekuona umechoka, mwanangu," akasema. "Nimekumalizia yote."

Mimi ninayemfokea kila mtu, nilipiga magoti kando yake. Nilitaka kulia, nilitaka kupiga kelele, na nilitaka kumkumbatia, yote kwa pamoja.

"Asante, Baba."

"Imekaa vizuri?"

"Imekaa."

Nikamnawisha mikono, nikampeleka kulala. Mume wangu aliporudi, akaona, akakaa chini. Baadaye akaninong'oneza kwamba majani bado ni safi, kwamba hayataonyesha kitu mpaka yafike shambani kwa yule mama. Sitamlaumu, maana na mimi nilikuwa nimeshaliwaza hilo. Nilisimama nikaitazama ile miche, imenyooka, imependeza kuliko yoyote tuliyowahi kuuza. Lakini ugonjwa ungekwenda kuenea shamba zima, na mikono ya vibarua wake ingeupeleka kwenye mashamba ya watu wengine. Nikamwambia alete mafuta ya taa.

Miche mibichi haiwaki vizuri. Ilitoa moshi mzito mweupe uliovuka mpaka ng'ambo, na nikamwona yule mama ametoka getini, amesimama, anatazama. Hakuvuka. Alirudi ndani akafunga geti.

Moshi ulimwamsha Baba. Akaja akasimama kando yangu, akauliza tunachoma nini. Nikamwambia takataka. Akatikisa kichwa kukubali, akaisogeza miche miwili mitatu kwa mguu ikaingie motoni vizuri, kama mtu anayesaidia.

"Mkisia tena," akasema, "uniamshe mapema. Ninyi wawili hamuwezi peke yenu."

"Nitakuamsha, Baba," nikamwambia.