Familia Ije Mbele

Shuka jeupe lilikuwa limepigwa pasi mara mbili, na bado Nafula aliliona lina mikunjo. Alipanda kitini akalivuta upande, akashuka, akalitazama kwa mbali, akapanda tena.

"Dada, hilo ni la kuonyeshea filamu, si la bi harusi," alisema Cyrus, fundi wa kompyuta, huku akihangaika na nyaya za projekta.

"Nyamaza wewe, washa mashine!" Lakini naye alikuwa anacheka. Furaha ilikuwa imemjaa hata mikono ikakataa kutulia.

Ijumaa ile ya mwaka 2014, sebule yake ya mtaa wa Al Mansoura, Doha, ilifurika mpaka watu wakakalia mito ya kitandani. Mapazia yalifungwa, kiyoyozi kilinguruma, mandazi yakapita mkono kwa mkono. Walikuja wauguzi wenzake, walinzi waliotoka zamu, na Faridah wa hotelini kule The Pearl pamoja na Waganda wenzake. Wote walialikwa kwa mdomo, mmoja mmoja, maana shughuli yenyewe haikuwa ya kutangaza. Kiingilio na michango ilikuwa ya nyumba moja ya Nairobi iliyowahifadhi vijana waliofukuzwa makwao kwa kupenda wenzao wa jinsia moja. Kodi ilikuwa imewalemea. Safari hii, filamu waliitengeneza vijana wenyewe.

Jambo ambalo hakuna aliyelijua ni kwamba mmoja wao, Reuben, alikuwa mdogo wake Nafula. Baba yao kule Kimilili alimfukuza, akaapa kwamba atakayemtaja naye ataonyeshwa lango. Nafula aliogopa, akanyamaza. Akiulizwa habari za kwao, alisema wamezaliwa wasichana watupu. Fedha alituma kwa siri, na jina akalimeza.

Mara mlango ukafunguliwa, akaingia Mwangi, dereva na msema chochote wa harambee zote za Wakenya wa Doha. Nyuma yake alikuwa Mama Chelsea.

Mama Chelsea alifanya kazi katika nyumba ya watu kule Abu Hamour, lakini kwao Kimilili alipakana ua kwa ua na baba yake Nafula, na kila Desemba alipokwenda likizo alisali nao kanisa moja.

"Mwangi! Nani kakwambia umlete?" Nafula alimvuta jikoni.

"Mkenya gani huenda harambee peke yake?" Mwangi alishangaa kwelikweli. "Tena huyu mama ana mkono wa kutoa. Utanishukuru."

Taa zikazimwa. Na wacha wee! Reuben alitokea shukani, mkubwa kama mlango, akisukuma chapati na kugombana na wenzake kuhusu aliyemaliza mafuta. Sebule ilivunjika mbavu. Faridah alipiga vigelegele, walinzi wakapiga makofi. Nafula peke yake hakuitazama filamu. Alikuwa anautazama uso wa Mama Chelsea, na uso ule haukumwambia kitu.

Filamu ilipokwisha, Mwangi aliruka mbele, amechangamka.

"Sasa, jamani, taratibu zetu mnazijua! Familia ije mbele tuione, ndipo mifuko ifunguke!"

Mazoea yalimponza. Ndivyo alivyosema kwenye kila harambee ya matanga na ya karo, na sasa akashtuka kusikia alichokisema. Hakuna aliyeinuka. Vijana wale wangekuwa na familia ya kusimama mbele, nyumba ile ingekuwa ya nini?

"Basi... tuendelee tu," alisema, sauti imemshuka.

Nafula alikitazama kile kipande cha zulia kilichobaki wazi. Alikwisha kuona pahali kama pale pakijaa mashangazi na wajomba, hata binamu wasiojuliana hali. Kwa Reuben palikuwa na zulia tupu. Hasira ilimpanda, wala si ya Mwangi, alijikasirikia mwenyewe. Aliinuka kabla woga haujamshika nguo.

"Familia ni mimi," alisema. "Yule wa chapati ni Reuben. Mdogo wangu. Tumenyonya ziwa moja."

Chumba kililipuka. Mwangi alirusha kofia juu. "Familia hiyo! Nani anamsimamia Reuben?" Noti zilianza kuruka, watu wakicheka na kufuta macho.

Mama Chelsea aliinuka polepole, akapishwa njia, akaja kusimama ubavuni mwa Nafula. Alinong'ona.

"Baba yako simuwezi, nisikudanganye. Lakini mama yako, kila Desemba, hunivuta nyuma ya jiko akaniuliza kama umewahi kumtaja Reuben. Na kila Desemba namwambia hujamtaja."

Nafula aliushika mkono wake.

Mama Chelsea alitoa miwani kwenye mkoba, akaifuta kwa ncha ya leso, akamgeukia Cyrus.

"Kijana, irudishe mwanzo," alisema. "Nataka nimwangalie vizuri. Mama yake ataniuliza kama amekonda."