Jina Kwanza, Halafu Unakotoka

Tii, mara moja tu, halafu kimya, ni kile kidude cha kunusa moshi kwenye dari ya chumba cha hoteli, betri yake ilikuwa inakata roho na ilitaka mtu ajue, nikakaa macho gizani nikiingoja tii ya pili, haikuja, mpaka kukakucha haikuja, na sasa ni saa nne asubuhi, nipo safu ya nne kwenye ukumbi wa watu mia tatu katika mji nisioujua, na bado naingoja... mkurugenzi wangu yuko jukwaani, koti la bluu, mkono mmoja mfukoni, nyuma yake kwenye skrini kuna boksi moja kubwa lenye maboksi madogo kumi na mawili ndani yake, seva moja ya chuma imebeba seva kumi na mbili za kufikirika, na kila moja inajiona iko peke yake duniani, lakini Dada, mkuu wetu wa zamani, alikuwa akilieleza vizuri zaidi, wageni wakija kazini kwetu aliwaambia, hii ni nyumba ya kupanga jamani, vyumba kumi na viwili, kila mpangaji anajidai ana kwake, ngoja shimo la choo lijae ndipo wajue wanaishi pamoja, na wageni wakacheka, na sisi vijana wake tukacheka ingawa tulishaisikia mara mia... na shimo likajaa, ndicho anachokisimulia mkurugenzi sasa hivi, "Miaka miwili iliyopita, saa tisa usiku, mifumo yote ya hospitali yetu ikasimama," anasema, na ukumbi unatulia, watu wa seva wanapenda hadithi ya msiba wa mwenzao, "mapokezi hawaoni faili, maabara hawaoni majibu, na sababu ni picha moja tu," nami najua mstari unaofuata kwa sababu slaidi hizi nimezitengeneza mimi, kwa mikono yangu hii, nikachagua hata rangi... picha, ndivyo tulivyoiita, kabla hujaigusa seva unaipiga picha ya hali yake, ukiharibu unarudi pale ulipokuwa, ila picha hii haikai kama ya ukutani, tangu ulipoipiga kila kitu kipya kinaandikwa pembeni yake, mgonjwa mpya, kipimo kipya, nayo inanenepa, siku tatu haina neno, siku sabini na tatu inakula diski yote na wapangaji wote kumi na wawili wanakosa pumzi kwa pamoja, ndiyo maana ubaoni kwetu paliandikwa, kwa mwandiko wa Dada, aliyepiga picha aifute, siku tatu, na chini yake alichora jicho... hakufa mtu, nashukuru hakufa mtu, sentensi hiyo nimeilalia miaka miwili kama godoro na kila usiku naikuta imebonyea zaidi, "Fundi aliyeisahau picha ile tuliachana naye," anasema mkurugenzi, anasema taratibu, kwa huruma kidogo, kama mtu anayetaja marehemu, "lakini leo sikuja kumzungumzia yeye, kijana aliyeirudisha mifumo, saa kumi na tisa bila kufumba jicho, tunaye humu ndani, simama, kijana wangu, simama wakuone, mpelekeeni kipaza sauti atueleze mwenyewe," na miguu yangu inasimama kabla sijaiambia, na makofi, makofi mengi, jirani yangu, fundi wa mitandao wa benki fulani ambaye tangu asubuhi ananipa peremende, ananigonga kiuno, "Kaka, kumbe nimekaa na mtu mzito," ananong'ona, nami nacheka kwa meno tu, kwa sababu kipaza sauti kiko kule nyuma kabisa, karibu na mlango, na aliyekishika ni Dada.

Ni yeye, tangu asubuhi nimejua ni yeye, mezani pale mlangoni amevaa fulana ya kijani ya wahudumu, kibarua cha siku tatu, mtu aliyenifundisha kufunga waya wa kwanza anagawa beji, foleni ilikuwa ndefu na kila mtu akifika anaambiwa vilevile, jina kwanza, halafu unakotoka, jina kwanza, halafu unakotoka, na mimi nikifika nikafungua mdomo, yeye akainua kidole, "Usijisumbue, lako nalijua," akaitoa beji yangu bila kuangalia orodha, akainyoosha kamba yake vizuri, akanipa, jina langu na chini yake cheo chake yeye, msimamizi mkuu wa mifumo, "Hongera, mdogo wangu," akasema, na hapakuwa na sumu ndani yake, nimeitafuta sumu tangu saa mbili asubuhi na sijaiona, "Mjukuu wako hajambo?" nikauliza, ujinga gani ule, katika maneno yote, "Ana meno kumi na sita, anauma kila kitu," akasema, "nani anafuata?"... yule mjukuu, Ijumaa ile ya picha, siku sabini na tatu kabla ya mifumo kusimama, ndiyo aliyokuwa anazaliwa, Dada alikuwa zamu na simu ikalia, binti yake ameshikwa na uchungu, akanitazama mimi kwa sababu ni mimi tu niliyekuwa bado sijatoka, begi tayari begani, "Mdogo wangu, nishikie zamu kidogo," nami nikasema, "Nenda dada, nenda, utanilipa chai," akaenda anakimbia na viatu mkononi, na karatasi ya zamu hakuna aliyeigusa, nani anaandika mambo kama hayo, tulikuwa tunasaidiana hivyo miaka yote... na mimi nikakaa kwenye kiti chake, nikapiga picha kabla ya kusasisha mfumo wa wagonjwa, nikasasisha, ikakubali, mchumba wangu akapiga simu kuhusu rangi ya kadi za mwaliko, maziwa au krimu, tukabishana saa nzima maziwa au krimu, nikaenda nyumbani... anapita safu ya kumi na tano sasa, anawaomba watu radhi, waya wa kipaza sauti umenasa kwenye mguu wa kiti, anainama kuutoa, "Huyo mama ana kasi kama intaneti ya ofisini kwetu," jirani ananong'ona, na watu wawili mbele wanaguna kwa kicheko, nyamaza, nataka kumwambia, nyamaza wewe, huyo unayemcheka angekufundisha kazi hiyo upya... kwenye kumbukumbu za mfumo palikuwa na tarehe, saa na neno moja, msimamizi, kwa sababu sote watano tuliingia kwa akaunti moja na neno moja la siri lililobandikwa chini ya kibodi, mashine haikumjua mtu, ilimjua msimamizi tu, kilichojua jina ni karatasi ya zamu, na jina lilikuwa la Dada, "Ijumaa ile nani alikuwa zamu?" mkurugenzi aliuliza, tumekaa watano mezani, macho mekundu, mimi nikiwa shujaa wa saa kumi na tisa na soksi za juzi, na Dada alinitazama, si kwa muda mrefu, muda wa mtu kutazama saa, nami nikaangalia ndani ya kikombe changu, palikuwa na jani moja la chai limesimama wima, naliona mpaka leo, halafu akasema, "Karatasi inasema ni mimi," hivyo tu, hakusema ni mimi, alisema karatasi inasema... nikajiambia ananyamaza kwa ajili yake mwenyewe, kuacha zamu bila ruhusa ni kosa, wangemfukuza vilevile, na mimi juu yake, wawili badala ya mmoja, faida ya nani, maneno hayo nimeyavaa mpaka yametoboka viwiko... lakini mtu anayejificha nyuma ya ukimya wako hakutafutii beji bila orodha, hakunyooshei kamba, angeweza kulitaja jina langu mbele ya mkurugenzi, angeweza kulitaja kwa kila mwajiri aliyemuuliza kwa nini uliacha kazi, angeweza asubuhi hii kunifanya nilitaje mwenyewe mbele ya foleni nzima, akanisamehe hata hilo, miaka miwili amelibeba jina langu mdomoni kama mtu aliyebeba yai kwenye kijiko, anangoja mwenyewe nije nilichukue, na mimi nikapita njia nyingine, nikabadilisha hata namba ya simu... safu ya saba, safu ya sita, slaidi bado ni ile ya maboksi, mkono wa mkurugenzi bado uko mfukoni, anatabasamu, anangoja nieleze jinsi nilivyohamisha seva moja moja kwenda diski ya akiba, nimeandaa hotuba hiyo kwenye basi, ina hata mahali pa kuchekesha, natazama kifuani na beji imejigeuza, inaonyesha mgongo wake mweupe, tangu asubuhi inajigeuza, naigeuza, inarudi, naishika kwa vidole viwili ibaki hivyo, na Dada yuko hapa, anahema kidogo, jasho dogo juu ya mdomo, ananinyooshea kipaza sauti lakini hakiachii, tumekishika wote wawili, nasikia tii ndogo anapokiwasha, ile ya pili, hatimaye, na ananitazama muda ule ule wa kutazama saa, "Jina kwanza, mdogo wangu," anasema, kama alivyowaambia wote, "halafu unakotoka," na hotuba yangu inaondoka kichwani kama taa za jengo zinavyozimwa ghorofa baada ya ghorofa, pamebaki chumba kimoja chenye kiti, karatasi ya zamu na jani la chai limesimama wima, "Aliyekuwa kwenye kiti Ijumaa ile," nasikia sauti yangu ikinirudia kutoka kwenye spika za ukutani, "aliyepiga picha ile akaisahau, anaitwa," na ninalitaja, langu, la baba yangu, la babu yangu, taratibu, kama mtu anayejaza karatasi ya zamu.