Kibali cha Paa

Mlinzi alilinusa gunia kabla ya kumtazama mwenye gunia.

"Hiyo samaki ibaki nje, mama. Wakubwa wako ndani."

Atiir aliliegemeza gunia ukutani, akamwomba Mungu mbwa wa Lodwar wawe wameshiba, akaingia. Ilikuwa mara yake ya saba. Kila Jumanne alikwenda Kalokol kununua samaki wakavu wa kuuza sokoni Kakuma, na kila Jumatano, akirudi, alishuka Lodwar kuulizia kibali cha kuezeka nyumba ya mama yake. Gari la kumpeleka Kakuma halikuwa likimngoja. Wanunuzi hawakuwa wakimngoja. Aliyekuwa akingoja siku zote ni yeye.

Ebenyo, afisa wa vibali, alikuwa anakunywa chai. Watu kumi na wanne walikaa kwenye benchi wakimtazama anavyokunywa. Bwana yule alikuwa na kipaji: kikombe kimoja kilimtosha saa nzima, na alipokimaliza alikuwa hoi kama mtu aliyechimba kisima.

"Atiir wa Kakuma," alisema hatimaye. "Faili yako iko. Haijapotea."

"Wiki jana ulisema imepotea, mkubwa."

"Ndiyo nakwambia sasa iko. Imebaki saiti tu. Lazima tukuje tuone hiyo nyumba."

"Si mliiona? Nyinyi ndio mliipiga rangi."

"Hao ni watu wa kusimamisha ujenzi. Sisi ni watu wa kuruhusu. Hiyo ni ofisi tofauti."

Ofisi hizo mbili zilitenganishwa na kabati la mafaili, na zilitumia birika moja.

"Basi mnakuja lini?"

"Gari iko," Ebenyo alisema, akichungulia ndani ya kikombe kitupu. "Mafuta ndiyo haiko."

Akakiweka kikombe mezani. Mzee mmoja kwenye benchi akakohoa, kikohozi cha mtu aliyekwisha kununua mafuta hayo. Atiir akaelewa. Jumatano iliyofuata samaki walibaki wachache guniani na tangi la gari la ofisi likajaa.

Nyumba yenyewe haikuwa kasri. Ilikuwa vyumba vitatu vya matofali ya udongo, vilivyopakwa saruji kwa nje ili vionekane na hadhi, pale Kakuma, kando ya barabara ya Lokichoggio. Marehemu baba yake aliijenga alipokuwa dereva wa malori ya msaada. Mchwa walikula boriti zake kimyakimya kwa miaka ishirini, mpaka siku moja bati likamkosa Namuar, mama yake Atiir, kwa upana wa kiganja. Atiir akadunduliza, akanunua mbao na mabati, akamwita fundi Duop kutoka kambi ya wakimbizi. Duop alikuwa Mnuer wa Sudan Kusini, mrefu hata hakuhitaji ngazi kwa kazi nyingi, na hakuwa mtu wa maneno. Aliahidi kazi ya siku nne. Siku ya pili, paa likiwa limeshateremshwa lote, gari likasimama, kijana akashuka na mkebe wa rangi nyekundu, akachora alama ya X ukutani na kuandika SIMAMISHA. Hakuuliza ndani kuna nani. Kazi ya siku nne ikawa ya miezi saba.

"Hii ukuta ni udongo, mama," Duop alimwambia Atiir siku ile akikusanya misumari. "Kama mvua inapiga juu yake mara mbili, mara tatu, inakuwa uji. Ambia hao watu wa Lodwar."

Atiir aliwaambia. Waliandika.

Namuar hakutaka kwenda kukaa kwa watu. Alimwambia bintiye akate fito na makuti ya mkoma, na asubuhi moja tu wawili hao wakasimamisha akai nyuma ya nyumba, kibanda cha mviringo ambacho kila mwanamke wa Kiturkana hujifunza kukijenga kabla hajajifunza kuolewa. Kwao nyumba ni kazi ya wanawake. Namuar alikuwa amejenga nyingi kuliko meno aliyobaki nayo, na hakuna hata moja iliyongoja sahihi ya mwanamume. Alilala humo vizuri. Akasema kusema kweli, kuna hewa kuliko kwenye ile ya saruji, lakini mvua za Aprili zikija atataka kurudi kwenye chumba cha mumewe, chini ya bati, kwa sababu kifua chake hakikuwa cha kuchezewa tena.

Baada ya Jumatano nyingine nyingi, watu wa saiti walifika Alhamisi moja ya mwezi wa tatu, Ebenyo na wenzake wawili, mmoja kabeba futi ya kupimia na mwingine hakubeba chochote.

"Ejoka," Namuar aliwasalimu kwa Kiturkana kutoka kwenye kigoda chake.

"Habari ya leo, mama," alijibu Ebenyo. Alizaliwa ndani ya akai kandokando ya mto Turkwel kama watoto wenzake, lakini ukimsikia siku ile ungedhani ameshushwa melini Mombasa.

Namuar akamwita Atiir pembeni. Akasema mbuzi achinjwe.

"Mbuzi yupi? Tuna yule mmoja tu wa maziwa."

"Huyohuyo. Mtu akila nyama yako kivulini mwako, hawezi kukufanyia ubaya."

"Mama, hawa si wageni. Hawa ni serikali."

"Serikali haina tumbo? Mwenye tumbo ni mtu."

Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo wasemavyo watu wa pwani, na huenda kwao wenyeji hupona. Mbuzi alichinjwa. Wageni walikaa chini ya mgunga tangu saa sita mpaka saa kumi. Nyama ilipoiva, Kiturkana kilimrudia Ebenyo ghafla. Alijua kuulizia paja ni la nani, alijua kusifu mafuta, alimwita Namuar mama yake wa kumzaa na kumchekesha mpaka akafuta machozi. Atiir alisimama na birika la maji ya kunawa, akaanza kuamini. Alijichukia baadaye kwa kuamini kule.

Waliponawa, yule wa futi akaivuta kamba yake. Hawakuingia nyumbani. Walizunguka nyuma.

"Na hii ni nini?" Ebenyo aliuliza. Kiturkana kilikuwa kimeisha pamoja na nyama.

"Ni akai."

"Naona. Nauliza ni nini."

"Mama analala humo, mkubwa. Nyumba si haina paa?"

"Kwenye plani kuna jengo moja. Hapa mimi naona mawili."

Akatoa simu, akaipiga akai picha, mbele, ubavuni, na mlangoni, ambapo ngozi ya kulalia ya Namuar ilionekana. Namuar alidhani anapigwa picha yeye. Akajiweka sawa shanga zake.

Barua ilitoka baada ya wiki mbili. Atiir aliisoma kwenye ngazi za ofisi kule Lodwar, kwa Kiingereza chake cha darasa la nane, mara mbili, akitafuta mahali alipokosea kusoma. Hakukosea. Katika kiwanja kimeonekana jengo la pili lisilo na kibali. Mwenye kiwanja aliondoe kwa siku saba, la sivyo ombi lote lifutwe na aanze upya.

"Barua inasemaje?" Namuar alimuuliza jioni ile.

"Inasema akai haina kibali."

Namuar akacheka, akangoja utani umalizike. Haukumalizika.

"Alikula nyama yangu?"

"Alikula."

"Basi labda hakushiba."

Waliibomoa akai Ijumaa, wao wawili, jinsi walivyoijenga. Kuibomoa kulichukua muda mfupi zaidi. Atiir akapiga picha ya uwanja mtupu, akaituma kwa simu ya Ebenyo. Jibu lilikuja neno moja: Imepokelewa. Namuar akahamia kwenye chumba cha mumewe, kuta nne na mbingu, chini ya turubai Atiir alilonunua kambini, lililokwisha kumzeesha mkimbizi mmoja.

Mvua ilianza Jumatatu mchana.

Nchi hii hulilia mvua mwaka mzima, na ikija huja kama inalipiza kisasi. Turubai lilijaa likatuna katikati kama tumbo la ng'ombe, halafu likapasuka. Atiir alimkuta mama yake ameketi juu ya ndoo iliyogeuzwa, amelowa mpaka kwenye mifupa, ameshikilia blanketi juu ya kichwa kwa mikono miwili. Duop alikuja akikimbia kutoka kambini bila kuitwa.

"Niweke mabati sita tu," alisema. "Hii kona ya mzee, basi. Nusu saa. Ikikuja shida, sema ni mimi, sema mkimbizi alifanya."

Mabati yalikuwa pale pale, hatua kumi kutoka kwa kikongwe aliyelowa. Atiir alisimama akiyatazama. Miezi saba, safari ishirini na nane, mbuzi, mafuta, akai. Yote yalikuwa ndani ya lile faili, na bati moja lingeyafuta. Akapiga simu.

"Mkubwa, mvua imetufikia. Naomba kona moja tu nifunike, mama anaumia."

Nyuma ya sauti ya Ebenyo kulikuwa na vicheko na mlio wa vijiko. "Mama, ukiweka hata moja, faili nafuta. Mimi nataka kukusaidia, wewe unataka kujiharibia? Niko semina mpaka Ijumaa. Ngoja."

Akangoja. Hilo ndilo walilomfundisha kwa miezi saba, naye alikuwa mwanafunzi mzuri. Alimwambia Duop arudi kambini. Akampeleka mama yake kwa jirani, lakini jirani alikuwa na watoto tisa na chumba kimoja kinachovuja, na Namuar akataka kurudi kwenye chumba cha mumewe. Jumatano alianza kukohoa. Alhamisi zahanati ilimpa vidonge na kusema alale mahali pakavu. Jumamosi, kabla ya jua kupanda, alimuuliza Atiir kama wageni wameshaondoka, na baada ya hapo hakuuliza kitu tena.

Kwa kuwa nyumba iko ndani ya mji, kuzika kiwanjani kulihitaji karatasi. Jumatatu asubuhi Atiir alikwenda kwenye kiofisi cha pale pale Kakuma. Alibeba maji ya kunywa, mkate na kanga ya kukalia, kwa sababu alijua ofisi. Karani aliitwa Erupe, kijana mpole, shati limepigwa pasi.

"Pole sana, mama. Jina la marehemu?"

"Namuar."

"Atazikwa wapi?"

"Nyumbani kwake."

Erupe akaandika. Akafungua droo, akatoa muhuri, akaupulizia pumzi ukaloa, akaugonga. Akaisukuma karatasi mezani. Atiir alikuwa bado hajaweka chini mkate wake.

"Ni hiyo tu?"

"Ni hiyo tu, mama."

"Plani?"

"Ya nini?"

"Na saiti? Mnakuja lini kuona?"

Erupe alimtazama kwa huruma, jinsi mtu anavyomtazama aliyechanganywa na msiba.

"Tuje tuone nini, mama? Mtu akikufa, sisi tunakuamini tu."

Atiir aliikunja karatasi mara mbili. Alitaka kumtukana kijana yule, akakosa kosa lake. Akatoka. Duop alikuwa amekaa nje kivulini, jembe na sepetu magotini, kofia mkononi. Alipomwona ametoka upesi hivyo alisimama, akidhani amefukuzwa.

"Wamekataa?"

"Wametoa."

Duop aliichukua karatasi, akaigeuza huku na huku, akautazama muhuri uliokuwa bado haujakauka. Hakuwa amewahi kuuona mbichi.

"Wanakuja kupima siku gani?"

"Hawaji," alisema Atiir. "Twende ukachimbe."