Zulia Lisilokanyagwa

Usiku wa kuamkia leo niliota kiroboto ameketi juu ya mto wangu. Akavua kofia, akaniamkia. "Shikamoo, Mama Mwantumu."

Nikamwitikia marahaba, kwa sababu sikulelewa kuacha salamu ikining'inia. Ndipo nikamuuliza amefuata nini kitandani kwangu.

"Mimi natumwa tu," akasema. "Wakubwa wanakusalimu sana. Wanasema Jumamosi imekaribia."

Jumamosi ilikuwa imekaribia kweli, hata kwa walio macho. Siku hiyo watu wa Pangani wanaleta posa ya binti yangu Mwantumu, na mshenga wao ni Bi. Mashavu, mwanamke anayeona vumbi kabla halijatua. Mwantumu amempenda kijana wao, na mimi nimemkubali. Kilichobaki ni Bi. Mashavu aingie, aketi, anywe chai, arudi kwao akiwa hana la kusema.

Mimi nyumba yangu inatajwa hapa Muheza kwa usafi. Nasema hivyo bila kuona haya, maana anayefagia ni mimi. Lakini tangu paka wetu Sultani arudi kwenye matembezi yake ya masika, viroboto walikuwa wametuvamia. Nilipuliza dawa, nikamwaga maji ya moto, nikanyunyiza chumvi, nikafukiza majani ya mwarobaini mpaka mume wangu akawa anakohoa na viroboto wako wazima.

Chumba pekee ambacho sikukigusa ni sebule. Sebule yangu ina zulia jekundu, makochi ambayo bado yamevaa nailoni ya dukani, na vitambaa nilivyovifuma kwa mkono wangu. Ufunguo wake unalala kwenye pindo la kanga yangu. Haingii mtu mle ila mgeni rasmi, na wageni rasmi hawaji ovyo. Sikuona sababu ya kupuliza dawa mahali ambapo hata pumzi haziingii.

"Waambie wakubwa wako waje wenyewe," nikamwambia yule kiroboto. Akavaa kofia yake, akaruka, sikuona alikotua.

Hapo ufagio wa chelewa uliokuwa nyuma ya mlango ukakohoa. "Twende kwa utaratibu," ukasema. "Kwanza, godoro litoke liende juani."

Neno hilo nilikuwa nimelisema mwenyewe mara nyingi. Sikujua kwamba godoro lilikuwa linasikiliza. Sasa linainuka, linajinyoosha mgongo, linapita mlangoni kwa ubavu, linapaa. Linakwenda juani, kwenye jua lenyewe. Baba Mwantumu bado amelala juu yake.

"Baba Mwantumu," nikamwita, "unakwenda wapi?"

"Sijui, godoro ndilo linajua," akajibu akiwa usawa wa mnazi wa jirani. "Niwekee chai."

"Pili, shuka zifuliwe kwa maji ya moto," ufagio ukaendelea. Shuka zikajikunja, zikavaa viatu, zikauliza basi la Amboni linapita saa ngapi, kwa sababu huko kuna chemchemi ya maji ya moto. Ile ya maua ikaniaga kwa heshima. Ya bluu haikuniaga. Tabia yake naijua.

"Tatu, paka aogeshwe."

Nikageuka kumtafuta Sultani, na chumba kikawa kibanda cha kinyozi pale stendi. Sultani ameketi kwenye kiti cha kuzunguka, kitambaa cheupe shingoni, mapovu mpaka masikioni. Anajitazama kwenye kioo na anaonekana kuridhika.

"Wewe ndiye uliyetuletea viroboto," nikamwambia.

"Nilileta wawili watatu, sikatai," akasema Sultani. "Lakini hawa wa sasa sikuwaleta mimi. Hawa wananipanda nikiwa nyumbani. Umeniogesha mara ngapi, Mama? Kila nikikauka wanakuja wapya."

"Wanatoka wapi?"

"Ninapolala mchana."

"Mchana unalala jikoni."

"Mchana nalala sebuleni. Dirisha lako la kona halifungi vizuri. Lile zulia ni laini, na hakuna anayenisumbua."

Iliniuma. Wala haikuwa kwa ajili ya viroboto. Nilikuwa nawaza kwamba muda wote huo nimemkataza mume wangu asikanyage zulia alilolinunua mwenyewe, na kumbe paka alikuwa akijilaza juu yake kwa raha zake.

"Vaa soksi nyeupe," ufagio ukanishauri. "Kiroboto haonekani kwenye zulia jekundu. Kwenye soksi nyeupe anaonekana."

Nikavaa soksi nyeupe za Baba Mwantumu, zile za sikukuu. Nikafungua fundo la kanga, nikatoa ufunguo, nikafungua sebule.

Zulia lilikuwa limeota. Nyuzi zake zimenifika kiunoni, na upepo unazilaza huku na huku kama shamba la mpunga. Katikati ya nyuzi kuna vifuko vyeupe, vikubwa kama maboga, vimepangwa safusafu mpaka macho yanapochoka. Ndani ya kila kifuko kuna mtu anakoroma. Juu ya kila kifuko pameandikwa: TAFADHALI TEMBEA MBALI.

Kiroboto mnene mwenye miwani akanijia akipenya nyuzi. "Karibu kwako, Mama Mwantumu. Mimi ndiye Mwenyekiti wa mtaa huu. Hatuna mkutano tunaoufunga bila kukutaja."

"Mnanitaja kwa lipi?"

"Kwa utulivu. Hawa waliolala ni vijana wetu. Wakiwa ndani ya vifuko, dawa haiwapati na njaa haiwaumi. Wanasubiri kitu kimoja tu, nyayo. Mtu akitembea, sakafu ikitikisika, wanajua chakula kimefika, wanatoka. Nyumba nyingine haziwezi kutulea. Watoto wanakimbizana, wanaume wanaburuza viti, vijana wetu wanaamshwa kabla hawajawa wengi, wanafagiliwa. Lakini kwako hapaingii hata unyayo. Hakuna sebule Muheza nzima iliyotutunza namna hii. Tunajivunia wewe."

Sijawahi kusifiwa vizuri hivyo nikatamani kulia. Zilikuwa sifa zilezile ninazojipa mimi, karibu kwa maneno yaleyale, ila zimetoka kwenye mdomo usiofaa.

"Na Jumamosi?" nikamuuliza.

"Jumamosi utaingiza wageni. Watavua viatu mlangoni kwa heshima ya zulia. Miguu mitupu mingi kwa wakati mmoja. Vijana wamesubiri sana. Tumesikia kuna mmoja ana miguu minene."

"Bi. Mashavu."

"Huyohuyo."

Nikamwona Bi. Mashavu akijikuna kwa adabu, kwanza kwa kidole cha mguu wa pili, halafu kwa mkono, halafu akitafuta pochi yake. Posa ikirudi Pangani inajikuna, haitarudi tena Muheza. Na Mwantumu wangu hatasema neno. Ataosha vikombe kimyakimya, na huo ukimya nitaishi nao mimi. Niliogopa, nasema kweli.

"Hodi," ikaita sauti ya Bi. Mashavu kutoka mlango wa mbele. Ndotoni Jumamosi haikungoja Ijumaa ipite. "Hodi wenyewe."

Mtu akipiga hodi lazima aitikiwe. Nikasema, "Karibu," na mlango ukaanza kufunguka wenyewe, kwa sababu ulikuwa mlango mtiifu. Nikaongeza haraka, "Karibu, lakini subiri kidogo, mama." Mlango ukasimama hapo ulipofika. Kupitia upenyo niliona mkono wa Bi. Mashavu ukiwa na kapu.

Nikamgeukia Mwenyekiti. "Hawa vijana wako wanaamka kwa nyayo za mtu yeyote?"

"Yeyote. Hatubagui."

Nikatoa kichwa dirishani. "Baba Mwantumu, shuka."

Godoro likashuka limeiva kama mkate, na yeye juu yake amekolea rangi. "Ingia sebuleni," nikamwambia.

Akasita kizingitini. "Na zulia?"

"Kanyaga."

"Nivue viatu?"

"Usivue. Kanyaga."

Uso ule sijauona tangu siku ya harusi yetu. Akaingia na viatu vyake vya shamba, akakanyaga mguu mmoja, akasikiliza, akakanyaga wa pili.

Mwantumu anatoka jikoni akifuta mikono, anaingia. Sultani anateremka kwenye kiti cha kinyozi na mapovu yake, anaingia. Shuka zimerudi kutoka Amboni zinafuka mvuke, zinaingia, hata ile ya bluu. Tunacheza mduara. Ufagio unatupigia makofi, sijui kwa mikono gani. Nazunguka na huku nayavua makochi nailoni, nayo inalalamika kwamba imefanya kazi miaka yote bila likizo na leo inafukuzwa mbele za watu. Ukuta unatikisika, vitambaa vinadondoka kimoja kimoja na mimi siviokoti.

Beseni la maji ya sabuni limejileta lenyewe katikati ya chumba. Taa ya chemli imesimama ndani yake, maji yameifika kiunoni na haijazimika.

Vifuko vinapasuka. Vijana wanatoka wakifikicha macho. "Wageni wamefika?"

"Wamefika," ufagio unawaambia. "Pitieni kwenye mwanga."

Wanaruka kuelekea mwangani, wanaangukia kwenye sabuni, na kila anayeanguka anamwomba radhi aliyemwangukia. Walilelewa vizuri. Niliwalea mimi.

Mwisho akabaki Mwenyekiti peke yake. Zulia lilikuwa limesharudi urefu wake, nami nikalazimika kuinama ili nimwone.

"Umetuamsha mapema, Mama Mwantumu."

"Ndiyo."

"Kwa miguu yako mwenyewe."

"Yangu na ya mume wangu."

Akavua miwani, akaiweka juu ya kochi. "Basi nitazame. Usije ukasema hukuona."

Akaruka. Akapita kochi, akapita picha ya baba mkwe ukutani, akagusa dari, akajipindua hewani bila haraka yoyote. "Nimeruka vizuri?" akauliza akiwa anashuka.

"Umeruka vizuri," nikamjibu, maana haki yake nisingeweza kumnyima. Akaingia kwenye beseni bila kurusha hata tone. Tukasimama kwa heshima, wote, pamoja na shuka.

Kisha nikauambia mlango kwamba sasa tayari. Bi. Mashavu akaingia na kapu lake, akavua viatu, akavuka zulia kutoka upande huu hadi upande ule, akaketi kwenye kochi lisilo na nailoni. Nikasimama mbele yake kifua mbele. Alikuwa anainama taratibu kuutazama mguu wake.

Nikaamka.

Kulikuwa kumeshapambazuka, na ni Alhamisi. Godoro lilikuwa mahali pake, Baba Mwantumu anakoroma juu yake, ufagio uko nyuma ya mlango na hauna la kusema. Nikapapasa pindo la kanga. Ufunguo ulikuwemo, fundo limekaza kama nilivyolifunga. Nikajicheka, nikateremsha miguu sakafuni.

Miguu ilikuwa imevaa soksi nyeupe za sikukuu. Mimi silali na soksi, na Muheza hakuna baridi ya kumvalisha mtu soksi. Nikainua unyayo nikautazama. Chini yake palikuwa pamenasa nyuzi nyekundu za zulia, na juu kidogo, kwenye kifundo, palikuwa na doa jeusi dogo. Nikalisogezea kidole. Doa likaruka, likatua juu ya mto wangu, palepale alipokuwa ameketi yule aliyetumwa.

Nikasubiri kidogo nione kama ataniamkia. Hakuniamkia.

Nikamtikisa mume wangu. "Baba Mwantumu, amka twende tukatembee sebuleni."

Akafungua jicho moja. "Sebuleni? Kuna msiba?"

"Hakuna msiba. Muda tunao mpaka Jumamosi. Mwite Mwantumu, aje na beseni la maji ya sabuni."

Akavaa malapa yake akanifuata. Nikafungua fundo, nikafungua mlango, nikatangulia kuingia nikiwa na soksi zilezile, kichwa juu, kwa sababu Jumamosi Bi. Mashavu atakuta zulia linalokanyagwa na wenyewe, na nitamwonyesha kwa kidole changu mahali tulipokanyaga. Mwenzangu alikuwa bado amesimama kizingitini kama mtu aliyekosea nyumba.

"Nivue?" akauliza.

"Usivue. Kanyaga."

Akaweka mguu mmoja juu ya zulia, akasikiliza, akanitazama. Nikamwambia aongeze wa pili.