Mwenye Ndevu Nne

"Mama Kahambu, hii iko na ndevu kama padri," alisema Jean-Bosco, akimlaza samaki juu ya ubao. "Tangu asubuhi watu banaikataa. Sasa banakimbia hata mimi."

Kahambu hakucheka. Alikuwa amepasua samaki katika soko la Bwera kwa miaka kumi na mitatu, ngege, kambare na kamongo, na mkono wake haukuwahi kusita. Huyu alikuwa mrefu kama mkono wa mtu mzima, rangi yake ya shaba, magamba yake mapana kama kucha za dole gumba. Mdomoni zilining'inia ndevu nne.

"Umemtoa wapi?"

"Mtoni Nyamugasani. Ile shimo ya maji chini ya maporomoko."

Wanawake wa meza za jirani walivuta mabeseni yao kando. Tangu mafuriko ya mwaka wa elfu mbili na ishirini, hakuna aliyekula kitu kutoka shimo lile. Ilisemwa kwamba samaki wake walinenepa kwa miili ambayo haikupatikana. Kathembo, mume wa Kahambu, alikuwa mmoja wa wasiopatikana.

Kabla ya adhuhuri alifika Muhwezi, bwana samaki wa wilaya, akiwa na rula na daftari. Alimtazama samaki kwa muda mrefu, kama mtu aliyeletewa barua asiyoitarajia.

"Wavuvi wa mchezo, wale wa fimbo na uzi, husafiri mbali kumtafuta huyu," alisema. "Sisi tuliandika kwamba katika mto huu hayumo. Sharti tumtambue kwa hakika. Mama, hesabu magamba ya mstari wa ubavuni, kisha unifungulie tumbo na koo."

"Tumbo?"

"Ndipo tutakapojua anaishi kwa nini."

Kahambu alihesabu kwa ncha ya kisu, gamba baada ya gamba, polepole kupita kiasi. Jumamosi shemeji zake walitaka kuzika mgomba badala ya Kathembo, kama wafanyavyo watu wasio na mwili wa kuzika. Kwa miaka mitano alikuwa amewakatalia. Akiona humo tumboni kifungo cha shati au pete, atajua. Asipoona kitu, ataendelea kungoja. Hakujua ni lipi aliloliogopa zaidi.

"Thelathini na matatu," alisema.

Akapasua.

Vilitoka vipande vya konokono waliosagwa, majani ya mto, na mbegu ndogo za mkuyu. Basi. Tumbo lilikuwa safi kuliko ndimi za soko zima.

"Mla konokono," alisema Muhwezi, akiandika. "Tazama, mdomoni hana jino hata moja. Meno yake yako kooni. Huko ndiko anakosagia."

Kahambu aliingiza vidole nyuma ya matamvua, akayagusa meno, yamepangwa safu safu kama mahindi machanga. Halafu kidole chake kikakwama. Nyama ilikuwa imeota juu ya kitu kigumu. Alikikata, akakisafisha kwa maji.

Ilikuwa ndoana ya spoki ya baiskeli, isiyo na kijino cha kumzuia samaki asichomoke, tundu lake la uzi limekunjwa mara mbili. Mtu mmoja tu kwenye mto ule alizikunja hivyo. Alisema samaki mdogo anastahili kuachiliwa bila kuraruliwa.

Jioni ya kuamkia siku ya mafuriko Kathembo alirudi na uzi uliokatika. "Nimemshika mwenye ndevu nne, mama," alisema, "nguvu zake kama za ndama." Nyumba nzima ilicheka. Kahambu ndiye aliyekuwa wa mwisho kuacha kucheka. "Basi kamlete," alimwambia. "Usipomleta, usirudi." Alfajiri Kathembo aliondoka kwenda mtoni wakati milima ilikuwa tayari imefunikwa na wingu jeusi.

"Hapa kwenye karatasi," Muhwezi alisema, "pana nafasi ya jina la aliyemwona kwanza. Ni wewe, Jean-Bosco?"

Jean-Bosco aliitazama ndoana mkononi mwa Kahambu.

"Andika Kathembo," Kahambu alisema.

"Yuko wapi, nimhoji?"

Kahambu aliifunga ndoana katika pindo la kitenge chake, fundo mara mbili. Kisha akamgeukia Jean-Bosco, ambaye njia yake ya kurudi ilipita nyumbani kwa shemeji za Kahambu.

"Pitia kwa shemeji Baluku. Mwambie Jumamosi wakate mgomba."

"Ndiyo, mama."

"Wakate mrefu. Hakuwa mtu mfupi."

Jean-Bosco aliondoka bila mzaha. Muhwezi alimtia samaki katika beseni la maji ili magamba yasikauke. Kahambu akaanza kuosha ubao. Kila alipousugua, meza ilitikisika, na ndani ya beseni ndevu nne ziliinuka, zikapapasa maji, zikatulia.