Kisanduku Kilichonishtaki

Miaka kumi na nane nimemwagilia nyanya kwa kuchomeka kidole kwenye udongo kupima unyevu, na sikuona kasoro. Kwa hiyo binti yangu, fundi umeme, alipofunga kisanduku kwenye nguzo ya banda letu la plastiki na kusema kitaamua chenyewe lini kufungua maji, nilicheka mpaka mbavu zikaniuma.

"Mtandao ukikatika?" nilimuuliza.

"Hakiuhitaji, baba. Kila mstari una kipimo cha unyevu ardhini. Kisanduku kinasoma vipimo na kupiga hesabu zake hapa hapa."

Kikundi chetu cha wakulima kilikubali kumjaribu. Bwana shamba angekuja Ijumaa, na akiridhika, kisanduku kingefungwa kwenye mabanda yote kumi na mawili. Binti alikuwa ameacha kazi yake mjini kwa ajili ya hilo.

Jumatano, mstari wa kwanza ukanyauka. Nilimjia juu. "Si nilikwambia?"

Alikaa juu ya ndoo, akasoma kumbukumbu za kisanduku kwenye kompyuta, kisha akaniita taratibu.

"Baba, kila siku saa moja asubuhi udongo wa hapa mlangoni, penye kipimo, unalowa ghafla, na koki imefungwa. Kisanduku kinadhani mstari mzima umeshiba, kinaunyima maji. Nani humwaga maji hapa?"

Nilimwonyesha mabuti yangu. Hapo ndipo ninapoyaoshea kila asubuhi, tangu sina mvi hata moja.

"Nitahamisha kipimo," alisema. "Hatumwambii mtu."

Ijumaa bwana shamba alisimama mbele ya mstari ule, majani bado yamesinyaa, kikundi kizima kimemzunguka. Akatikisa kichwa. "Kifaa hiki bado."

Binti aliinamisha uso, tayari kubeba lawama yangu. Hilo lilinichoma kuliko aibu.

"Kifaa hakina kosa," nilisema. "Mimi niliosha mabuti juu ya kipimo. Na kilinikamata, siku na saa. Mke wangu ana miaka thelathini na mimi, hajawahi kunikamata hivyo."

Watu waliangua kicheko. Bwana shamba akaomba aone kumbukumbu hizo. Sauti ya binti ilitetemeka mwanzoni, kisha ikanyooka. Alieleza nusu saa nzima. Sikuelewa hata robo, lakini nilitunisha kifua kana kwamba nasema mimi.

"Jumatatu aanze mabanda mengine," bwana shamba alisema, kisha akanigeukia. "Mzee, fundi huyu mlimtoa wapi?"

"Nyumbani kwangu," nilisema, na nilihakikisha hata walioko nje ya banda wamesikia.